Ukuta Mweupe wa Bi Mwantumu

Vijana wa hapa Mlandizi mnanichekesha sana. Mkinikuta barazani mnaniamkia shikamoo vizuri, nami naitikia marahaba, lakini mkishapita kidogo nawasikia mkisema, "Yule babu eti alikuwa bosi wa bandari," halafu mnaangua kicheko, kwa sababu maji makubwa mliyoyaona maishani mwenu ni Ruvu ikifurika. Nawasikia. Mimi ndiye niliyestaafu, masikio bado yako kazini.

Basi leo kaeni niwaambie. Hapa Mlandizi nimefuata wajukuu tu. Enzi za Mwingereza, Wilaya ya Kisarawe ilikuwa ndefu, inaanzia kule vilimani kwenye boma mpaka inatia miguu baharini. Huko miguuni palikuwa na bandari ndogo ya umma iitwayo Mikokoni, na mimi, Pazi, ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Nikisema bandari msifikirie meli. Fikirieni gati la boriti, ghala la bati, winchi ya kuzungusha kwa mkono yenye kelele za mbuzi aliyekanyagwa, bendera moja na choo kimoja. Watu walisafirisha nazi, mbata, korosho na muhogo mkavu. Mashua ziliingia maji yakijaa na kutoka kabla hayajapwa. Ukizubaa, unakaa na mashua yako juu ya matope mchana kutwa, kaa wanakuchungulia.

Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Kibwana, msimamizi wa kabla yangu, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alinipa bildi, yaani lile bonge la risasi lililofungwa kamba, la kupimia kina. Chini yake lina kishimo. Kile kishimo unakipaka mafuta ya kondoo, ukilitupa likigusa chini linanata na kupanda na kipande cha huko, nawe unajua kama kuna mchanga, kokoto au tope. Mpaka hapo ni akili. Lakini Mzee Kibwana alikuwa na yake ya ziada.

"Onja," aliniambia siku yangu ya kwanza.

"Tope, mzee?"

"Hapana, pilau. Onja!"

Nikaonja. Akaniuliza linatoka wapi. Nikamwambia sijui, ila lina chumvi.

"Bahari nzima ina chumvi, Pazi! Hili limetoka nyuma ya choo cha ghala. Ndiyo maana mimi la hapo huwa nalinusa tu."

Wafanyakazi wote walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mpaka leo mkinifunga macho na kunipa tope la Mikokoni nitawaambia linatoka upande gani, na la choo nitalijua kabla hamjalifikisha mdomoni.

Sasa sikilizeni habari ya alama, maana bila hiyo hamtanielewa. Matope ya bandari hayatulii. Masika ikipiga, mto unaomwaga hapo unayasukuma, na njia ya vyombo inabaki nyembamba katikati. Rubani akiingiza chombo hatazami maji, anatazama nchi kavu. Tulikuwa na mlingoti mweupe majini karibu na gati, na mwingine mweupe kule juu, nchi kavu. Ukiwa baharini, ukiona ule wa juu umekaa sawasawa nyuma ya ule wa chini, imekuwa kama mmoja, upo njiani, njoo. Ukiona imeachana, jamaa, unakwenda matopeni.

Milingoti tuliipaka chokaa. Na chokaa ukiipaka tupu, mvua ya kwanza tu inakwenda nayo. Inabidi utie chumvi, ndipo inashika. Hilo ni kweli, nendeni mkajaribu kwenye kuta zenu. Ila Mzee Kibwana hakunieleza habari ya mbuzi. Mbuzi wa Mikokoni waligundua kwamba serikali imewasimamishia chumvi ya kulamba, wakaulamba mlingoti wa juu kuanzia chini mpaka pale anapofika mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa mbali kikaonekana kipande cheupe kinaning'inia hewani. Nahodha mmoja alikataa kabisa kuingia, akasema bandari hii alama zake zinaelea, ana watoto wadogo. Tulipokuwa tunatafuta dawa ya mbuzi, mchwa wakaumaliza mlingoti wenyewe.

Hapo ndipo Mzee Kibwana alipoangalia kule juu, akaona nyumba ya Bi Mwantumu. Bi Mwantumu alikuwa mjane, mkulima wa minazi, mwanamke mrefu anayetembea amenyanyua kidevu. Nyumba yake ilikuwa mahali pale pale ulipokuwa umesimama mlingoti, imegeukia bahari. Mzee akakubaliana naye: bandari itampa chokaa kila mwaka, naye ataupaka ukuta wa mbele. Bi Mwantumu alifurahi kupita kiasi. Majirani zake wote walikuwa na kuta za udongo, wa kwake ukawa mweupe kwa amri ya serikali. Manahodha wakawa wanaambizana, "Weka mlingoti katikati ya ukuta wa Bi Mwantumu, utafika."

Wakati huo hakuwa mama mkwe wangu. Hilo lilikuja baadaye, nilipomwoa Siwema, binti yake wa pekee. Mzee Kibwana naye akastaafu, nikashika bandari. Nikaingia taabuni.

Nyinyi siku hizi mnakaa na wakwe zenu mezani mnagombania paja la kuku. Kwetu Wazaramo wa wakati ule mkwe alikuwa mkwe. Ukikutana na mama mkwe njiani, unaingia majanini. Ukimwamkia, unachuchumaa, unavua kofia, macho chini. Humtazami usoni wala humwambii neno la kumkabili. Sasa fikirieni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutazama nyumba ya mtu asiyeruhusiwa kumtazama! Nilikuwa naukagua ukuta haraka haraka kwa pembe ya jicho, halafu nageuka kuangalia bahari.

Na maagizo ya bandari kwa Bi Mwantumu yalipitaje? Yalipita kwa Maganga. Maganga alikuwa mzungusha winchi wetu, Mnyamwezi, kifua kama kabati. Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Yeye angeweza kumwambia Bi Mwantumu lolote, na Bi Mwantumu asiudhike. Nilimtuma aseme, "Bandari inaomba ukuta upakwe kabla ya mvua." Akifika kule nasikia anapaza sauti uani, "Wewe bibi, hujafa tu? Mimi nina njaa, nangoja wali wa matanga yako! Haya, paka ukuta, usije ukafa umeacha nyumba chafu."

"Nitakuzika wewe kwanza, Mnyamwezi!" Bi Mwantumu anajibu. "Tena bafta ya sanda yangu iko sandukuni, safi, nyeupe. Wewe watakufunga kwenye gunia la mbata!"

Wakishatukanana hivyo mpaka wakaridhika, anampa dafu, ukuta unapakwa, na bandari inaendelea. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka ilipoletwa darubini.

Darubini ililetwa kutoka bomani, ya kukagulia alama na boya. Nilisimama nayo gatini mchana, wafanyakazi wote wamenizunguka, kila mtu anataka zamu. Nikaielekeza kwenye mlingoti, safi. Nikapandisha kwenye ukuta, safi. Nikasogeza kidogo, na ghafla, jamani, Bi Mwantumu huyu hapa! Sura nzima imejaa kwenye kioo, anatafuna kitu, ananitazama machoni kama yuko mbele yangu. Sikufikiri. Nilichuchumaa pale pale, nikavua kofia, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mama!"

Wafanyakazi wote wakanigeukia. Mimi nimeinamisha kichwa, nangoja jibu.

"Marahaba, mkwe wangu," akaitikia Maganga kwa sauti ya kike.

Kabla sijasimama alikuwa ameshatimka kwenda kilimani. Huko akamwambia Bi Mwantumu kwamba mkwewe amepewa na Wazungu chombo cha kuingilia nyumba za watu bila hodi, na kwamba amemwona mpaka mbegu ya ukwaju kwenye ulimi. Bi Mwantumu aliacha kutafuna. Akajifunika ushungi, akaenda moja kwa moja kwa wazee, kunishitaki kwamba nimemtazama usoni.

Wazee walikaa baraza. Msicheke, lilikuwa jambo zito. Mimi nilijitetea kwamba nilikuwa gatini na yeye kilimani, na baina yetu kuna minazi, kisima na kundi la mbuzi. Mzee mmoja akasema kama nilikuwa mbali, kwa nini niliamkia? Hakuna anayemwamkia mtu aliye mbali. Wakaniomba ile darubini, wakaipokezana. Mmoja akaishika kwa upande usio wake, akashangaa kuona msikiti umekimbilia mbali. Basi akapata hukumu. Akasema: Pazi alimvuta mama mkwe akaja karibu, na hilo ndilo kosa. Kwa hiyo ageuze chombo, amtazame kwa upande wa pili, amrudishe mahali pake. Wazee wote wakasema ndiyo, hiyo ni haki kabisa.

Maganga akapeleka hukumu kilimani. Bi Mwantumu aliposikia, alipandwa na hasira mpya. "Kwanza ananisogeza bila ruhusa yangu. Sasa anataka anifanye mdogo kama sisimizi? Mimi! Mwambie nitamwonyesha cha kutazama." Akachukua udongo mwekundu, akaukandika ukuta wote wa mbele. Na nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kilima cha udongo ule ule. Ukitazama kutoka baharini, nyumba haipo.

Ningecheka na mimi, ila kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa Siwema. Bomani walikuwa wamenieleza kwamba Bwana mkaguzi anakuja kwa motaboti ya serikali kuangalia kama Mikokoni inafaa kuendelea. Mimi ndiye nitakayemwingiza. Motaboti ikikwama kwenye matope, bandari itafungwa, mizigo ya wakulima itabebwa kwa vichwa mpaka barabarani, na mimi nitahamishiwa huku huku Mlandizi, kwenye pantoni ya kuvushia watu Ruvu. Siwema alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Wakati ule, kutoka Mikokoni kuja Mlandizi si safari ya kwenda kusalimia na kurudi. Bi Mwantumu alikuwa na mtoto mmoja na mjukuu mmoja, na wote ningeondoka nao. Siwema alilia. Na mimi, niseme ukweli, nilitaka kulia, ila nilikuwa msimamizi.

Nilijaribu kila kitu. Nilitaka kusimamisha mlingoti mpya, lakini mahali pake ni uani kwa Bi Mwantumu, na uani kwa mama mkwe mwanamume haendi kuchimba shimo, wala yeye hakumruhusu mwingine achimbe. Nilitundika shuka langu la kitandani kwenye mnazi, mbuzi wakala nusu. Nilimtuma Maganga akaombe msamaha, akarudi na dafu lakini bila msamaha. Mwishowe Siwema akambeba mtoto akaenda mwenyewe kumweleza mama yake habari ya Mlandizi. Akaniambia mama yake alinyoosha mikono. Alimchukua mtoto, akakaa naye, halafu akauliza kama chokaa ipo. Chokaa haikuwapo. Na hata ingekuwapo, mvua ilikuwa inanyesha, ukuta mbichi, na mkaguzi anakuja kesho.

Kesho yake jua likatoka. Nilipokuwa naingia ngalawani kwenda kumpokea mkaguzi mdomoni mwa bandari, Maganga alinijia anahema. "Bi Mwantumu anasema leo anakupa ruhusa ya kumtazama. Leo tu."

"Maganga, niache. Leo si siku ya utani."

"Naapa! Hata kunitukana hakunitukana."

Hilo lilinitisha zaidi. Nikaenda.

Bwana mkaguzi alikuwa mtu mwema, mwekundu, anapenda biskuti. Alinisimamisha mbele ya motaboti, mwenyewe akashika usukani. "Haya, Pazi, alama iko wapi?"

Nikatazama. Mlingoti wa chini upo. Juu, wekundu mtupu. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa, na matope yanaonekana mgongo pande zote mbili. Nikafungua mdomo nimwambie turudi. Ndipo nikaona kitu cheupe kimetokea kwenye ule wekundu, kirefu, chembamba, kimesimama wima. Nikamwomba mkaguzi darubini yake.

Alikuwa Bi Mwantumu. Amejizungushia bafta nyeupe kutoka utosini mpaka vidoleni, amegandamiza mgongo ukutani, kidevu juu. Ilikuwa sanda yake. Macho yangu yalishuka yenyewe kwa mazoea, motaboti ikaanza kupinda. "Pazi!" mkaguzi akapiga kelele. Nikayapandisha kwa nguvu. Nikamtazama mama mkwe wangu kuanzia juu mpaka chini, nikamweka nyuma ya mlingoti.

"Kulia kidogo, bwana. Hapo hapo. Twende."

Tukaenda. Alama ikajikuna pua. Mkaguzi akauliza kama alama ya juu imetikisika, nikamwambia ni upepo. Halafu nikamwona mbuzi. Alikuja taratibu kama mwenye nyumba, akashika pindo la sanda, akaanza kutafuna. Alama ikampiga teke. Mbuzi akavuta. Alama ikainama, ikaokota kijiti, ikaondoka kumfukuza, ikapotea nyuma ya nyumba!

"Simamisha, bwana!"

"Kwa nini?"

"Alama ina kazi kidogo."

Mashine ikazimwa. Motaboti ikawa inajiendea yenyewe, na nikasikia tope linasugua chini ya miguu yangu, polepole, sauti ya mtu anayekuna nazi. Nilisoma kila dua niliyofundishwa, na nyingine nikatunga. Kule juu mbuzi akatoka mbio upande mmoja wa nyumba, na kutoka upande wa pili Bi Mwantumu akarudi, anatweta, amejifunga upya, akasimama mahali pake, kidevu juu.

"Sasa, bwana! Kushoto! Washa!"

Tukapita. Tulipofunga kamba gatini, winchi ikalia, na Maganga akatupa kofia yake majini, tena ilikuwa mpya. Mkaguzi alikagua boriti, ghala na boya, akala biskuti zake, akasema bandari inafaa na itaendelea. Wakati anaondoka akageuka kutazama kilimani. "Alama nzuri," akasema. "Lakini funga mbuzi."

Nilipanda kilimani, nikachuchumaa nje ya ua, kofia mkononi. Bi Mwantumu alikuwa ndani kwenye kivuli, amenyoosha miguu, Siwema anamkanda. Maganga akasimama kati yetu kupokea maneno.

"Mwambie mama, mkwewe anashukuru, hana la kusema."

"Kama hana la kusema asiseme," sauti ikatoka ndani. "Mwambie sanda yangu imeshika udongo mwekundu mgongoni, na pindo limekwenda na mbuzi. Siwezi kwenda kwa Mola wangu hivyo nilivyo. Aninunulie nyingine. Na mpaka ainunue, mimi sifi."

Maganga akacheka kwa nguvu. Mimi sikucheka. Nililichukua lile neno nikaenda nalo nyumbani, nikaamua kwamba sitanunua.

Basi ikawa hivyo miaka mingi. Kwa ruhusa ya Bi Mwantumu tulijenga alama ya mawe na saruji, mbuzi wakalamba wakashindwa. Lakini ukuta nao tuliendelea kuupaka, maana manahodha walikataa kuuacha. Kila nilipotoka Kisarawe au mjini, Maganga alinipokea na salamu ile ile: "Bi Mwantumu anauliza sanda yake." Nami najibu, "Mwambie bafta imekwisha madukani." Kumbe madukani zimepangwa mpaka darini. Yeye akijibiwa hivyo anatukana maduka yote ya Dar es Salaam, halafu anakwenda kuchimba muhogo wake. Alimwona mjukuu wa pili, wa tatu na wa nne. Nyinyi mnaonicheka barazani, wengine ni watoto wa hao.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, Mwingereza bado yupo, Siwema akarudi kutoka kilimani, akakaa chini mlangoni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama anasema miguu imechoka kusimama. Anasema uilete ile bafta."

Nilikwenda dukani, nikachagua bafta nzuri kuliko zote. Nikaichukua mwenyewe, sikumpa Maganga. Lakini nilimkuta ametangulia, amekaa mlangoni, na hakuwa na utani wowote. Nikachuchumaa kizingitini, kofia mkononi, macho chini, nikaisukuma bafta ndani kwa mikono miwili.

"Pazi," akaniita. Hakuwa amewahi kuniita jina. "Nyeupe?"

"Nyeupe, mama."

"Haya, inua macho, mwanangu. Nitazame kama bado nimesimama vizuri."

Alikuwa amelala kitandani. Nikainua macho, nikamtazama bila darubini.